Mazoezi ya Hiari: Mwongozo Kamili wa Kupata Raha na Nguvu ya Moyo Ukiwa Uganda

Septemba 2018, watafiti wa Shirika la Afya Duniani walitoa takwimu za nchi 168 kuhusu watu wazima wasioushughulisha mwili vya kutosha. Uganda ilikuwa na hali nzuri kuliko zote: asilimia 5.5 tu ya watu wetu ndio waliokuwa kwenye kundi hilo, wakati wastani wa dunia ulikuwa asilimia 27.5. Habari hiyo ilitupendeza, na ilistahili. Lakini tazama imetokana na nini: jembe, jerikeni la maji, mzigo wa kuni, na safari za miguu za mtu asiye na nauli. Hiyo ni sulubu ya lazima. Mwili unatumika, ila hakuna anayeuliza kama mwenye mwili anafurahi.

Mwongozo huu ni wa mazoezi ya hiari, yale unayoyachagua mwenyewe na kuyafanya kwa saa yako. Mama aliyelima tangu alfajiri anarudi nyumbani amechoka. Mama huyohuyo akitembea na wenzake jioni ya Jumapili, kwa miguu ileile, anarudi amechangamka na ana hadithi za kusimulia. Tena wengi wetu tuliohamia mjini hatulimi tena. Mwenye duka Kikuubo anakaa kwenye kiti kutwa nzima, bodaboda anakaa juu ya pikipiki, karani anakaa ofisini Nakasero. Mwaka 1953, Dakta Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wao juu ya mabasi ya ghorofa ya London: madereva waliokaa siku nzima waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi ndani ya basi lilelile. Kila ninapoliona benchi la steji ya boda namkumbuka daktari huyo.

Nina msimamo mmoja, na yote yatakayofuata yanatoka humo: raha itangulie, nguvu itafuata. Watu wengi huanza mazoezi kwa hasira, wamechukia kitambi, wametishwa na presha, au wamesemwa na shemeji kwenye harusi. Hasira ikipoa, na mazoezi yamekwisha. Aliyeyapenda mazoezi hurudi kesho, na nguvu ya moyo hujengwa na huko kurudi.

Kwanza, jua mwili wako uko wapi

Hapa sitakaa sana. Kama una ugonjwa wa moyo, presha, kisukari, pumu au seli mundu, au ni mjamzito, zungumza na mhudumu wa afya kabla ya kuanza. Vivyo hivyo kama umevuka miaka arubaini na miaka mingi hujafanya mazoezi yoyote. Kupima presha ni jambo la dakika chache, hata kwenye kituo kidogo cha afya. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio bila mpangilio wakati wa mazoezi ni alama za kusimama papo hapo na kutafuta daktari. Mwenye seli mundu asijikaze hata kidogo, anywe maji mara kwa mara na ajiepushe na jua kali.

Chagua mwendo unaoupenda

Jiulize ulipokuwa mtoto ulipenda kucheza nini. Swali hili linasaidia kuliko ushauri wowote wa jimu. Aliyependa kuruka kamba ataipenda kamba hata leo. Aliyependa mpira atafute uwanja wa mtaa, ambako jioni hakukosekani timu inayopungukiwa na mtu mmoja. Wasichana waliocheza netiboli shuleni huwa na kiu ya mchezo ule miaka mingi baadaye, na wakikutana wanne watano kwenye uwanja wa shule ya msingi utasikia vicheko kabla hujaona mpira. Kuna anayependa kucheza ngoma. Nusu saa ya ngoma ya kweli, ile ya kiuno na miguu, inatoa jasho kuliko kukimbia taratibu.

Kama hujui uanzie wapi, anza kwa kutembea. Hakuna ada wala vifaa, na kwa mkazi wa Kampala milima ipo mlangoni. Kutoka Nsambya kupanda Kibuli, kutoka Mengo kupanda Rubaga, au kuzunguka Ziwa la Kabaka ni mazoezi kamili kwa anayeanza. Wakazi wa Jinja wana barabara pana zilizo tambarare na upepo wa mto. Wa Mbale wanao mlima Wanale, ambao haumbembelezi mtu. Na ukibahatika kulala Kapchorwa, fahamu kwamba mji uko juu sana, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo usishangae pumzi ikikuishia mapema. Siku mbili tatu za mwanzo nenda polepole.

Usichague mchezo kwa sababu jirani anaupenda. Anayechukia kukimbia akilazimishwa kukimbia atatafuta sababu ya kuacha, na sababu hazikosekani: mvua, msiba, wageni, homa ya mtoto.

Saa na mahali, vipange kabla

Moyo wa mwanadamu husumbuka zaidi na uamuzi kuliko na jasho. Ukiamka na kuanza kujiuliza, "Leo niende au nisiende?" umeshindwa nusu. Kwa hiyo amua jana yake. Funga mazoezi na jambo ambalo tayari hulikosi: baada ya sala ya alfajiri, baada ya kuwapeleka watoto shule, au mara tu ukifunga duka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha London, walipowafuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea mapya, waliona kwamba ilichukua wastani wa siku 66 mpaka jambo lifanyike bila kujisukuma. Wengine iliwachukua siku 18, wengine ilikadiriwa ingewachukua hadi 254. Basi usijilaumu ikiwa mwezi umepita na bado unajivuta. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu.

Kwetu karibu na ikweta jua halibadiliki sana. Kampala linachomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro asubuhi, mwaka mzima. Kabla ya hapo ni giza, na kwenye giza kuna bodaboda zisizo na taa, mitaro isiyo na vifuniko, na vijana wanaonyakua simu. Ukitoka kabla ya mapambazuko vaa nguo nyeupe au yenye kung'aa, na usitoke peke yako. Magari yetu hupita kushoto, basi wewe kimbia upande wa kulia ili uyaone yanayokuja usoni. Epuka barabara kubwa saa za foleni, kwani moshi na vumbi ndivyo utakavyovuta kwa nguvu zaidi unapohema. Mitaa ya ndani ni bora, hasa baada ya mvua kulifuta vumbi.

Kwa dada zangu nitasema jambo la ziada. Maneno ya barabarani yapo, na si madogo. Njia iliyowasaidia wengi niwajuao ni kwenda wawili au watatu, kupita njia ileile kwa saa ileile mpaka wenye vibanda wakawazoea na kuanza kuwasalimia. Mtaa ukishakujua unakulinda. Kuhusu mavazi, fanya mazoezi kwa nguo inayokupa amani. Wapo wanaokimbia na hijabu na suruali pana, na mwendo wao ni mzuri tu. Kitu cha lazima ni sidiria ya michezo inayoshika vizuri. Na ukisikia mtu akisema mbio si za wanawake, mkumbushe Peruth Chemutai, binti wa Sebei, aliyeshinda mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Tokyo mwezi Agosti 2021, akawa mwanamke wa kwanza wa Uganda kupata dhahabu ya Olimpiki.

Viatu: jinsi ya kununua raba Owino

Kwa kutembea, kiatu chochote kisichobana kinatosha. Ukitaka kukimbia, tafuta raba ya kukimbilia. Wengi wetu tunanunua za mitumba, na kwenye soko la Owino, Kampala, zipo nzuri kuliko nyingi mpya za bei rahisi, mradi ujue kuzikagua.

Nenda alasiri, maana mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda na kiatu kilichokutosha asubuhi kinaweza kukubana jioni. Beba soksi utakazokimbilia. Kishike kiatu, ukikunje: kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, si katikati. Kikikunjika katikati kama chapati, kirudishe. Kisha bonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba. Soli iliyo hai inabonyea na kurudi, iliyokufa ni ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi midogo isiyotoka. Geuza uone kisigino. Kikiwa kimelika upande mmoja tu, mwenye kiatu wa kwanza amekuachia mwendo wake, na goti lako ndilo litakaloulipia. Kiweke chini, kitazame kwa nyuma: kikilala upande, achana nacho hata kama muuzaji anaapa. Mwisho vaa vyote viwili, simama, uhakikishe kuna nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Muuzaji atakuambia kitaachia kikizoea. Raba haiachii, inatoa malengelenge.

Kasi, na hapa naomba utulie

Tarehe 26 Machi 2017, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Kampala, pale Kololo. Joshua Cheptegei, kijana wa Kapchorwa, alikuwa mbele kabisa katika mbio kubwa za wanaume, na uwanja mzima unampigia kelele. Mzunguko wa mwisho miguu ikamgomea. Akaanza kuyumba, wakampita mmoja baada ya mwingine, akamaliza wa 30. Waliokuwepo wanakumbuka ule ukimya. Mwezi Agosti mwaka huohuo akapata fedha ya mita 10,000 London. Mwaka 2019 akashinda mbio zilezile za nyika huko Aarhus, Denmark. Mwaka 2020 akavunja rekodi ya dunia ya mita 5,000 kwa dakika 12:35.36, na ya mita 10,000 kwa 26:11.00. Paris 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000.

Nimeleta habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza nitairudia mbele, kwenye nguvu ya moyo. Ya pili ni hii: kama mwili wa bingwa ulikataa kubeba kasi iliyozidi siku ile, wako utakataa pia, na hapo ndipo wanaoanza wengi wanapoharibikiwa. Wanatoka nyumbani wakikimbia kama wanafukuzwa, dakika ya tatu wanashika kiuno, na ubongo unaandika: mazoezi ni mateso. Mara ya pili wanatoka kwa woga. Mara ya tatu hawatoki.

Kipimo cha kasi ni mdomo wako. Ukiweza kuzungumza sentensi nzima lakini huwezi kuimba, uko kwenye kasi ya wastani, na hiyo ndiyo kasi yako kwa miezi ya mwanzo. Ukitoa maneno mawili na kutafuta pumzi, umezidisha. Kwenye kikundi chetu cha Jumapili kuna hajati mmoja, mtu mzima, ambaye hupenda kwenda na vijana. Tukifika mlimani namuuliza:

"Hajati, unaweza kuongea?"

"Naongea, mwanangu. Kuimba ndiyo siwezi."

"Basi hapohapo. Usiongeze."

Ndiyo sababu napenda mchakamchaka wa kikundi. Kiongozi anaita, wengine wanaitikia kwa maneno mawili matatu, miguu inafuata sauti. Kiitikio kikianza kufifia nyuma, kiongozi mwenye busara hageuki kuwagombeza watu. Anapunguza mwendo mpaka sauti irudi. Kikundi kizima kinakuwa na kipimo kimoja cha pumzi, na hakuna anayeachwa peke yake na aibu yake.

Kuna jambo jingine ambalo wakufunzi wengi hawalisemi: namna unavyomaliza ndiyo utakayoikumbuka. Ukimaliza kwa kujikamua mpaka kichefuchefu, kumbukumbu itakayobaki ni kichefuchefu, hata kama nusu saa ya kwanza ilikuwa tamu. Kwa hiyo weka sehemu ngumu katikati na sehemu laini mwisho. Dakika tano au kumi za mwisho tembea, tazama miti, salimia watu, nyosha viungo taratibu. Rudi nyumbani ukiwa bado na hamu kidogo.

Ratiba ya majuma kumi na mawili

Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na mazoezi ya misuli angalau siku mbili. Usianzie huko. Fika huko.

Wiki ya kwanza na ya pili, tembea dakika 20 kwa siku tatu, kwa mwendo wa mtu anayechelewa taksi bila kukimbia. Wiki ya tatu na ya nne, fanya dakika 30 kwa siku nne, na siku moja kati ya hizo ipite kwenye kilima. Kama hutaki kukimbia kabisa, endelea na kutembea, ukiongeza dakika tano tano mpaka siku tano za dakika 40. Hujapungukiwa na kitu.

Anayetaka kukimbia aanze wiki ya tano. Kila mara tembea dakika tano kwanza kupasha mwili moto, na tano mwishoni. Katikati, wiki ya tano na ya sita, kimbia taratibu dakika moja, tembea mbili, rudia mara nane. Wiki ya saba na ya nane kimbia mbili, tembea mbili, mara saba. Wiki ya tisa na ya kumi kimbia nne, tembea mbili, mara tano. Mbili za mwisho kimbia nane, tembea mbili, mara tatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na katikati yake pumzika au tembea. Kama wiki fulani imekuwa nzito, irudie. Ratiba imeandikwa kwa ajili yako.

Mvua itakukuta. Kusini mwa nchi hunyesha sana kuanzia Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba. Siku hizo fanyia ndani. Aprili 2020, tulipofungiwa kwa sababu ya korona, Rais Museveni, wakati huo akiwa na miaka 75, alitoa video akikimbia ndani ya ofisi yake na kupiga pushapu 30. Chumba chako kinatosha.

Misuli, kwa jerikeni na ukuta

Siku mbili kwa wiki, dakika 15 hadi 20. Fanya yote kwa mpangilio, pumzika dakika moja au mbili, kisha rudia duru ya pili. Ukizoea ongeza ya tatu.

Kaa kwenye benchi na kuinuka bila kushika kitu, mara 10, magoti yakielekea vidole vinapoelekea. Ikiwa rahisi, ondoa benchi na uchuchumae nusu.

Pushapu ya ukutani mara 8 hadi 10. Ukishaweza 15 bila shida, hamia kwenye meza imara, halafu kwenye ngazi, mwisho sakafuni. Mtu asikuone mnyonge kwa kuanzia ukutani. Kifua, mabega na mikono vinafanya kazi ileile, uzito tu ndio uliopungua.

Lala chali, kunja magoti, inua nyonga mpaka mwili uwe mstari kutoka bega hadi goti, shusha polepole, mara 12. Hili ni la wote wanaokaa sana, na kwa bodaboda mwenye mgongo unaouma ndilo la kwanza.

Planki: viwiko chini, mwili umenyooka, sekunde 20 huku ukipumua. Ukiona kiuno kinazama, shuka upumzike.

Mwisho, jerikeni. La lita tano likijaa maji lina kilo tano. Beba mawili, moja kila mkono, simama wima, mabega nyuma, tembea hatua 30 kwenda na kurudi. Baadaye hamia kwenye ya lita kumi. La lita 20 lina kilo 20 na ni la mtu aliyezoea, tena ukilibeba kwa mkono mmoja mgongo unapinda, kwa hiyo badili mkono kila baada ya hatua chache. Najua wengi mmebeba majerikeni tangu utotoni bila mtu kuwafundisha. Tofauti iko hapa: sasa unabeba kwa kipimo, ukiwa umesimama wima, na unaliweka chini unapotaka.

Nguvu ya moyo

Watu huniuliza kama mazoezi kweli yanatuliza akili au ni maneno. Ni kweli, na mwili una njia zake. Unapokwenda kwa mwendo wa wastani kwa muda, mwili hutoa kemikali zinazopunguza maumivu na kuleta utulivu. Usingizi huwa mzito zaidi, na aliyelala vizuri huvumilia mengi. Pia moyo unazoea kupiga kwa kasi na kurudi chini. Mtu aliyezoea hali hiyo kwenye kilima cha Kibuli hashtuki sana moyo ukimwenda mbio mbele ya bosi, au simu mbaya inapoingia usiku. Ameshakutana na mapigo yale, na anajua yatashuka.

Hii unaweza kuifanyia mazoezi kwa makusudi. Mara moja kwa wiki, si zaidi, chagua sehemu fupi ngumu katikati ya safari yako: kilima kimoja, au dakika mbili za mwendo wa kasi. Kabla ya kuianza jiambie utafika wapi, kwenye mwembe ule, kwenye nguzo ile. Panda. Pale moyo unaposema "acha", usibishane nao wala usiukaripie. Legeza mabega, fungua ngumi, toa pumzi ndefu kuliko ile unayovuta, hesabu hatua kumi. Halafu kumi nyingine. Ukifika kwenye mwembe, simama hapohapo ulipoahidi, hata kama unaona unaweza kuendelea. Ahadi uliyojipa na kuitimiza, hata ikiwa ndogo, inakuwa akiba. Baada ya miezi kadhaa unayo mingi, na siku ya shida unaanza kujiamini kwa sababu una ushahidi.

Andika. Daftari la shule la kurasa 48 linatosha: tarehe, ulifanya nini, ulijisikiaje kabla, ulijisikiaje baada. Maneno mawili matatu tu. "Kabla: mzito. Baada: mwepesi, nimecheka na jirani." Siku ambazo hutaki kutoka, fungua daftari usome safu ya "baada". Hakuna mtu mwingine anayeweza kukushawishi kama mwandiko wako mwenyewe.

Sasa ile sababu ya kwanza ya habari ya Cheptegei. Alianguka mbele ya watu wa kwao, kwenye uwanja wa nyumbani, na miezi minne na siku chache baadaye alikuwa kwenye mstari wa kuanzia tena. Wewe hutaonekana na dunia, ila kuna siku utashindwa kumaliza ulichopanga na majirani watakuona unatembea. Tembea. Kesho yake au keshokutwa toka tena, kwa umbali mdogo zaidi, umalize.

Hata hivyo, mazoezi yana mipaka, na ninaisema kwa uzito. Kama huzuni imekaa wiki kwa wiki, kama huli, hulali, au unawaza kujidhuru, usijiambie utakimbia mpaka iishe. Mwambie mtu unayemwamini leo, na uende hospitali. Hospitali za rufaa za mikoa zina huduma za afya ya akili, na Butabika ndiyo hospitali ya taifa ya rufaa kwa magonjwa hayo. Mazoezi yatakaa pembeni ya tiba, yakiisaidia.

Chakula, maji na mfungo

Hapa mambo ni mepesi kuliko wauzaji wa unga wa protini wanavyotaka uamini. Maharage, mchuzi wa karanga, mukene (dagaa), mayai na maziwa vinajenga misuli. Matoke, posho (ugali), viazi na mihogo vinatoa nguvu ya kukimbilia. Kula mlo mkubwa saa mbili au tatu kabla, au ndizi mbivu nusu saa kabla ukiwa na njaa. Kunywa maji kabla ya kutoka na baada ya kurudi. Kwa mazoezi ya chini ya saa moja huhitaji soda wala kinywaji cha nguvu cha chupani.

Mwezi wa Ramadhani usiache, punguza. Wengi huona raha kutembea nusu saa ya mwisho kabla ya futari, kwa sababu maji yako karibu. Wengine hufanya mazoezi ya misuli baada ya tarawehe. Mazoezi makali mchana wa jua ukiwa umefunga, hapana.

Maumivu, na kurudi baada ya kukatika

Misuli kuuma siku moja hadi tatu baada ya mazoezi mapya ni kawaida, na kutembea kidogo kunasaidia. Maumivu makali ya mahali pamoja, goti lililovimba, au uchungu unaozidi kila unapoendelea si kawaida, pumzika umwone mtaalamu. Kichomi cha ubavuni kikikubana, punguza mwendo, toa pumzi yote nje kwa nguvu mara kadhaa, kitaachia.

Mtu mwenye homa asifanye mazoezi. Malaria haitoki kwa jasho, hata kama mzee wa mtaa anasema hivyo. Pima, meza dozi yote, subiri mpaka hamu ya kula irudi, kisha anza kwa kutembea dakika 15 na uone mwili unasemaje kesho yake. Kama umekosa wiki moja, rudi ulipoishia. Kama ni wiki mbili hadi nne, kwa ugonjwa, msiba au safari, rudi nyuma wiki mbili kwenye ratiba. Zaidi ya hapo anzia wiki ya tatu, kwenye zile dakika 30 za kutembea. Wapigie wenzako simu jioni yake, waambie saa na mahali, na uweke raba karibu na mlango.